Shosho Aliyekataa Kuapa Kwenye Bahasha

Siku ya kustaafu mliniaga kwa keki kubwa kama godoro na kikombe kilichoandikwa jina langu vibaya, na kabla sijafika nyumbani Germantown simu ikaita. Ni nyinyi tena, mnauliza ufunguo wa kabati la mihuri uko wapi. Uko ndani ya kopo la biskuti, ulipokaa tangu kuumbwa kwa dunia. Lakini njia nzima nilikuwa na wasiwasi, nikijiuliza ni mangapi mengine nimeondoka nayo kichwani bila kuyaacha kwenye kopo lolote. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa sasa meza yetu ya kura za posta ina Mkenya, ina Mtanzania wa Tanga, na ina Mkongomani wa Bukavu, na kwa kuwa mkubwa wa ofisi hakijui. Hivyo naweza kusema ukweli kuhusu kahawa yake: inabandua rangi ukutani.

Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilichelewa, mishahara ilifika imechoka, basi.

Niliingia pale kama kibarua wa msimu wa uchaguzi. Kabla ya hapo nilikuwa natandika vitanda hotelini Alexandria, na jioni nasoma chuo cha jamii, darasa ambamo mimi nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu, kuliko jengo, na nadhani kuliko hesabu zenyewe. Nilipohitimu nililia mpaka kofia ikalowa. Mwalimu mmoja akaniambia kaunti inatafuta watu makini wa kushughulikia bahasha. Nikasema mimi nimekunja shuka zinazotosha kuifunika Taita yote pamoja na mlima wake, bahasha itanishinda nini?

Siku ya kwanza ilinishinda. Aliyenipokea ni Bi Lorraine, Mmarekani mweusi wa palepale kaunti, mwembamba, miwani kwenye kamba, sauti ya chini ambayo ukiisikia unajikagua kama umevaa viatu sawasawa. Alinipa trei ya bahasha zilizorudishwa na wapiga kura, akaniambia, "Usisome jina. Usisome mtaa. Tazama mstari wa sahihi tu. Una sahihi, weka kulia. Hauna, nipe mimi." Nikafikiri hiyo ni kazi ya mtoto. Kufika mchana macho yalikuwa yanatoa machozi kama nakata vitunguu vya harusi, na vidole vimekatwa na karatasi kila mahali. Nikaiweka bahasha moja isiyo na sahihi upande wa kulia. Bi Lorraine hakugomba. Aliichukua, akaishika mbele yangu, akasema, "Huyu mtu alitaka kuingia. Wewe ungemfungia mlango na asijue kamwe." Usiku ule sikulala, na kusema kweli tangu siku hiyo sijalala vizuri msimu wowote wa uchaguzi. Ukiona mtu wa meza ile analala vizuri, mhamishe.

Vifaa vyenu ni vichache, vitunzeni. Kipira cha kuvaa kidole gumba, kile cha manjano, nunueni wenyewe, vya ofisi vinateleza. Muhuri wa tarehe na saa ubadilisheni kila asubuhi kabla ya kugusa chochote, hata kabla ya kusalimiana. Rula ya mbao msiazime watu wa ramani, hawarudishi. Mashine ya kufungulia bahasha ina hasira zake: ikianza kukohoa, izimeni, mpeni mtu mwingine aiwashe. Sijui kwa nini inafaulu. Mimi na ile mashine tumevumiliana kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

Na watu watawauliza. Wataacha kuwauliza kazini, watawauliza kanisani, msikitini, kwenye matanga, kwenye foleni ya unga wa ugali. Jibuni kwa utaratibu uleule kila mara, kwa sababu kosa huingia pale unapofupisha. Mtu aombe karatasi ya kura mapema, asingoje wiki ya mwisho. Ikifika nyumbani, ajaze kiduara chote kwa kalamu nyeusi; asiweke tiki kama anasahihisha insha. Kura moja, bahasha moja. Afunge, asome maneno ya kiapo yaliyo nje, na aweke sahihi yake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Kisha aitie kwenye sanduku la kura la kaunti kabla halijafungwa jioni ya siku ya uchaguzi, au aiposti ipigwe muhuri isizidi siku hiyo. Mimi nilikuwa nawaambia watu: sanduku la barua la mtaani likishafunguliwa leo, barua utakayotia baada ya hapo itagongwa muhuri wa kesho, na kesho hatuitaki. Tena aliyeomba kura ya posta halafu akaenda kituoni, atapewa kura ya kusubiri, inawekwa kando mpaka tuhakikishe hakupiga mbili. Hajafukuzwa, asianze kupiga kelele.

Watu wetu wana makosa yao ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote. Nimepata bahasha moja yenye kura za nyumba nzima ndani, baba, mama na vijana wawili, na nje majina yote manne yamepangwa kwa ukubwa wa umri, kama bahasha ya mchango wa kanisa. Nilipompigia yule baba akashangaa. "Lakini tunaishi nyumba moja, dada, tutume bahasha nne kama watu waliogombana?" Nimepata bwana wa Tanga aliyemwekea mkewe sahihi, na mstari mzuri chini, "kwa niaba yake." Nimepata kura yenye doa la pilau, nikainusa, nikajua hata ni iliki ya nani. Hayo yote yalinipa jasho, lakini hakuna lililonikausha mate kama la Shosho Wairimu wa mji wa Bowie (shosho ni bibi, kwa nyinyi msio Wakenya), na ndilo nililotaka kuwaachia tangu mwanzo.

Ulikuwa uchaguzi wa kaunti, kiti kimoja cha baraza, na wagombea wawili walikuwa wamekaribiana hata ungeweza kuwafunika kwa leso moja. Siku ya uchaguzi ilikuwa imepita, tunahesabu kura za posta zilizofika kwa wakati. Mawakili wa pande zote mbili wamejaa ofisini, kila mmoja anatazama mikono yetu kama tunauza dhahabu. Katika trei ya bahasha zisizo na sahihi ilibaki ya mama mmoja mzee. Tulikuwa tumemtumia barua kumwambia kura yake ina upungufu, hakujibu. Mwisho wa kurekebisha ulikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Baada ya hapo bahasha hiyo isingefunguliwa kamwe.

Bi Lorraine akaona jina, akanisukumia. "Huyu ni wa kwenu?"

"Kwetu ni kukubwa, Bi Lorraine, ni kama kuniuliza kama namjua mtu wa Ohio," nikamwambia, huku nikiinua simu.

Aliyepokea ni binti yake, Grace, nesi. Nilimsikia amechoka kabla hajasema neno.

"Halo, dada. Naitwa Wakesho, napiga kutoka ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Ni kuhusu kura ya mama yako."

"Kumbe siku hizi mmejifunza hadi Kiswahili? Wakora nyinyi!" Akakata.

Nikapiga tena. "Dada, tafadhali—"

"Sitoi namba ya social! Ya kwangu sitoi na ya Mum sitoi!"

"Sitaki namba ya utambulisho wala namba yoyote. Fungua tovuti ya kaunti wewe mwenyewe, tafuta simu ya ofisi, piga, uliza Wakesho. Kama sipo, mimi ni mkora."

Hilo likumbukeni, linaokoa muda. Akakata, kisha simu ya mezani ikalia.

"Kwa hivyo ni wewe kweli," akasema.

"Ni mimi."

"Pole basi. Juzi mtu wa Kiswahili safi kama chako alitaka kuniuzia kiwanja Kitengela. Na hiyo barua yenu niliitupa, nilidhani ni wale watu wa matangazo ya kutengeneza paa."

Nikamweleza: mama amejaza kura, ameifunga vizuri, lakini hakuweka sahihi kwenye kiapo. Bila sahihi haihesabiwi.

"Amesahau tu. Hii ndiyo kura yake ya kwanza tangu apate uraia. Basi kesho nikitoka kazini nitapitia hapo nisaini."

Nikamkatiza. "Dada, hukuyasema hayo, nami sikuyasikia."

"Kwani nini? Hospitali mimi ndiye namsainia kila kitu."

"Hospitali ni hospitali. Hapa kumsainia mtu ni jela. Lazima awe yeye."

Nikasikia purukushani, kisha sauti nyingine, ya mtu mzima asiye na haraka. "Wewe msichana." Mimi nina wajukuu, lakini niliitika. "Mimi sikusahau. Huo mstari niliuona. Niliuacha makusudi."

"Kwa nini, Shosho?"

"Imeandikwa hapo juu ni kiapo. Mimi nimeokoka. Siapi." Akamrudishia binti simu kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Mtu aliyesahau unamkumbusha. Mtu anayekataa utamfanyaje? Sina ruhusa ya kumbembeleza. Nikimsukuma hata kidogo, kesho wakili mmoja atasema ofisi imemlazimisha bibi kizee kwa lugha isiyojulikana. Nikimwacha, Ijumaa inapita. Grace aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake hakuzungumza kingine mwaka mzima ila uchaguzi huo. Wanaishi katika nyumba nzuri Bowie, watoto wako kazini na shuleni, na mzee anakaa peke yake kutwa mahali ambapo bila gari huwezi kununua hata chumvi. Wagombea walikuwa wanabishana kuhusu basi la wazee, lipite mitaa ile au lisipite. "Huwa anasema amefungwa kwa jela yenye vyoo vitatu," Grace akasema. "Nitamleta Ijumaa asubuhi nikitoka shifti. Akikataa, atakataa mbele yako."

Nilimweleza Bi Lorraine kila kitu. Alivua miwani. "Unajua kiapo kina maana gani kwake?"

Nilijua nusu. Mimi ni Mtaita, na huko kwao Shosho, kwa Wakikuyu, neno kiapo halikai kitini kama maneno mengine. Kabla ya Uhuru watu waliapishwa msituni kupigana na Mwingereza, wengine kwa hiari, wengine kwa panga shingoni, na Wakristo waliokataa waliona cha moto. Mtoto wa wakati ule sasa ndiye shosho.

Ijumaa nilifika mapema hata mlinzi aliniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kumwaga kwa ndoo. Redio ilisema kuna ajali barabara ya kutoka Bowie, magari hayasogei. Nilienda mlangoni, nikarudi, nikaenda, nikarudi. Mkeka wa pale mapokezi naamini niliupunguza unene. Nilipiga simu ya Grace, haikupokelewa. Nikajipa moyo kwamba nesi mzuri hapokei simu akiendesha. Nikajitia hofu kwamba mama amekataa kutoka kitandani. Kazi ile itawafundisha kuamini mambo mawili kwa pamoja.

Saa tatu na zaidi wakaingia. Grace bado na nguo za hospitali, macho mekundu, na nyuma yake Shosho Wairimu, mfupi, kitambaa cha kichwa cheupe, koti la mvua la mtoto wa shule, mkoba kifuani umeshikwa kwa mikono miwili.

"Huyu ndiye msichana?" akamuuliza Grace, akinitazama toka juu hadi chini. "Ni mzee hivi!"

"Mum!"

"Shikamoo, Shosho," nikasema.

"Marahaba. Sisi kwetu hatusemi hiyo, lakini marahaba."

Tulimkalisha mapokezi kwenye meza ndogo, na mara moja wakasogea watu wawili: kijana wakili wa mgombea mmoja, tai imebana mpaka shingo imevimba, na mama mmoja mwangalizi wa upande wa pili mwenye daftari. Bi Lorraine akaweka karatasi ya kurekebisha mezani, yenye kiapo kilekile, na kalamu pembeni. Kisha akaniambia mbele ya wote, "Kila utakachomwambia, kirudie kwa Kiingereza kwa sauti. Na kila atakachosema yeye."

"Shosho," nikaanza, "hapa imeandikwa naapa au nathibitisha. Asiyetaka kuapa anathibitisha tu. Sheria imeruhusu." Nikarudia kwa Kiingereza.

"Nikidanganya, adhabu iko?"

"Iko."

"Basi hicho ni kiapo mmekivalisha suti."

Nikatafsiri. Kijana wa tai akauliza haraka, "Amemwambia nini kuhusu adhabu?"

"Amemwambia kwamba ipo," Bi Lorraine akajibu. "Ungependa amfiche?"

Shosho akamtazama kijana. "Huyu wa kujinyonga na kitambaa anataka nini?"

"Anahofia nisikudanganye, Shosho."

"Ni vizuri. Mwambie akuje karibu, asisikie kwa mbali kama mwizi." Nikatafsiri, nikiruka neno mwizi, halafu nikakumbuka masharti nikalirudisha. Kijana aliona haya, lakini alivuta kiti.

Saa ya ukutani ilikuwa inatembea kwa sauti, nawaapia, kama mtu anapiga misumari. Sikuwa na neno lingine la kusema ambalo si kubembeleza. Grace ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mum, watu wanne wamekaa hapa kwa ajili yako. Mimi sijalala. Ni sahihi tu! Si umesaini ya uraia, ukainua na mkono?"

"Ya uraia nilisema 'nathibitisha', na kila mtu alikuwa kwa hiyo ukumbi anasikia. Hata wewe ulikuwa unapiga picha." Akageuka kwangu. "Wewe unajua kwa nini baba yangu alikataa?"

"Kwa sababu ya wokovu, Shosho."

"Hapana. Wokovu ulikuja baadaye, tukasema hivyo kanisani. Hao wa msituni walikuja kwa baba wakamwambia ale kiapo na asiambie mtu, hata mama. Baba akasema, jambo siwezi ambia mama ya watoto wangu, hilo si langu. Wakaenda na yeye. Hakurudi."

Nilirudia kwa Kiingereza. Ile sentensi ya mwisho ikabidi niianze mara mbili. Mama wa daftari aliacha kuandika.

Shosho akaisogeza karatasi kwangu kwa kidole kimoja. "Mimi niliona hilo neno la juu nikafunga macho. Chini sikusoma. Wewe nisomee yote, polepole."

Nikamsomea, mstari kwa mstari, Kiswahili kisha Kiingereza. Kwamba yeye ni mkazi wa pale anapoishi. Kwamba ana haki ya kupiga kura. Kwamba kura hii ameipiga mwenyewe, na hatapiga nyingine katika uchaguzi huu.

"Na nimekatazwa kusema haya kwa watu?"

"Hapana, Shosho! Yako nje ya bahasha. Mtu wa posta ameyaona, na mbwa anayemfukuza huyo mtu wa posta labda ameyaona pia."

"Na wapi imeandikwa nilichagua nani?"

"Hakuna popote. Hiyo iko ndani, na hakuna anayeruhusiwa kujua."

Mvua inapiga kioo. Grace alifungua mdomo, Bi Lorraine akamwinulia kidole bila kumtazama, akaufunga.

"Kwetu," Shosho akasema, "kiapo kilikuwa cha gizani. Halafu mambo yakaenda yakaenda, tukaja tukapiga kura ya mlolongo, mchana, kila mtu asimame nyuma ya mtu wake, chifu anatembea akiangalia nani yuko wapi. Mimi nilisimama pale nilijua sitapigwa. Kiapo gizani, kura kwa jua." Akatikisa kichwa. "Hapa mmegeuza."

"Ndiyo, Shosho."

"Sasa hiyo naweza. Lakini nakata hili neno la kuapa." Akanyakua kalamu.

"Usikate kitu!" nilipiga kelele ambayo nadhani walisikia mpaka ikulu. Karatasi iliyochorwa ni balaa jipya, na muda ulikuwa umeisha kabisa kichwani mwangu ingawa ukutani ulibaki kidogo. "Sema tu kwa mdomo lipi ni lako. Watu wanasikia."

Akasimama. Akalivuta koti lake. Kwa sauti ya mtu anayeshuhudia kanisani alisema yeye ni Wairimu, anaishi Bowie kwa binti yake, kura ile ni yake, ameijaza peke yake, anathibitisha na haapi. Nikatafsiri nikiwa nimesimama pia, sijui nilisimama lini. "Na niliijaza kwa sababu nataka ile basi," akaendelea, "na kwa hao wawili, ni yule mmoja ndiye alisema—"

"Shosho!"

"Mum!"

Akajiziba mdomo kwa mkono. Kijana wa tai alikuwa ameshainuka nusu. "Amesema nini mwishoni? Kila neno, mlisema kila neno!"

Nimeamriwa nitafsiri kila neno, na nimekatazwa kuanika kura ya mtu. Hakutaja jina, lakini nikianza tu kutafsiri habari za basi, kila aliyekuwa mle angejua. Nikasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, nayakumbuka mpaka leo: "Ameanza kueleza kura yake. Hilo sitalitafsiri."

Mama wa daftari akamtazama kijana. Kijana akamtazama Bi Lorraine. Bi Lorraine akasema, "Sawa kabisa," akavaa miwani yake. Kijana akakaa.

Shosho aliandika jina lake kwa herufi za shule ya misheni, moja moja, akipumzika kati ya majina mawili kama mtu anayepanda kilima. Mimi sikutazama ukutani. Nilikuwa na hakika nikitazama, saa itaruka. Alipoinua kalamu Bi Lorraine akaigonga karatasi muhuri, akatugeuzia tusome. Ulikuwa ndani ya muda, kwa upana wa ukucha.

Grace akakaa sakafuni palepale mapokezi, mgongo ukutani.

Bahasha ilipelekwa kwa wajumbe wa bodi ya uchaguzi, wakailinganisha na karatasi, wakainua mikono kuikubali, haikuchukua hata muda wa kukohoa. Kisha ikarudi mezani kwetu. Niliifungua mimi. Nikatoa kura ikiwa imekunjwa, sura chini, nikampa mwenzangu aliyekuwa mbele yangu, na wakati anainyoosha nilitazama dari. Dari ile ina madoa ya maji, nayajua yote. Nilipoteremsha macho, rundo lilikuwa limekua kwa karatasi moja, zote zinafanana, na bahasha ya Shosho iko kwenye trei nyingine, tupu.

Walikuwa bado mapokezi. Shosho alikuwa amekataa kuondoka.

"Iko wapi sasa?" akaniuliza.

"Iko ndani, pamoja na zingine."

"Ukitaka kuitoa uone, unaweza?"

"Siwezi. Hakuna awezaye."

"Huyu wa kitambaa?"

"Hata yeye."

"Huyu mama wa miwani?"

"Hata yeye, Shosho."

Akamtupia jicho binti yake, aliyekuwa anajiinua kutoka sakafuni. "Na huyu Grace, ambaye tangu nifunge hiyo bahasha ananiuliza asubuhi na jioni, Mum ulichagua nani, Mum ulichagua nani?"

"Hata Grace."

Shosho Wairimu akacheka mpaka koti la mvua likamwaga maji kwenye mkeka wangu. "Umesikia?" akamwambia binti yake, akimshika mkono kuelekea mlangoni. "Umesikia hiyo?"